Umeajiriwa kwenye maabara mpya ya baiolojia? Usikimbilie swali kubwa

Ukiingia kama mtafiti kwenye maabara ya chuo iliyofunguliwa juzi, utakuta meza safi, maboksi ambayo hayajafunguliwa, na profesa mwenye hamu ya kuona matokeo. Nimefanya kazi kwenye maabara ya namna hiyo tangu friza zilipokuwa bado kwenye vifungashio vyake, na ninachotaka kukuambia wewe unayeanza ni hiki: hakuna kitu humo ndani kilichokwisha kuthibitishwa. Kwenye maabara kongwe, pipeti (vifaa vya kuvuta na kupimia vimiminika kidogo kidogo), maji, itifaki (maelekezo ya hatua za jaribio) na seli vimepita mikononi mwa watu wengi. Kasoro zake zinajulikana, na hakosekani mtu wa kukuonya kwamba mashine ile ya pembeni usiiamini sana. Kwako mtu huyo hayupo. Jaribio likigoma, hutajua kama kilichokosewa ni dhana yako, kitendanishi (kemikali ya jaribio), mashine au mkono wako.

Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe lile ambalo jibu lake unalijua tayari. Kama kazi yako ni PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine, omba DNA kwa maabara jirani, ile ambayo kwao inatoa majibu kila siku, ukuze jeni walilolizoea. Pembeni yake weka mrija wenye kila kitu isipokuwa DNA. Mahali pake tia maji tu. Mstari ukitokea kwa mrija huo kwenye jeli, ambamo DNA huonekana kama mistari, kuna DNA iliyopenya mahali isipotakiwa, na hapo unasimama mpaka ujue imetokea wapi. Wapo wanaouruka mrija huo ili kubana matumizi ya vimeng'enya. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, maana bila huo, matokeo yote ya siku ile hayana wa kuyatetea. Na tenga mapema sehemu ya kuandalia mchanganyiko na sehemu ya kufungulia mirija iliyokwisha kutoka kwenye mashine, kila moja na pipeti zake. Watu wakishajaa, kuwahamisha ni kazi ngumu.

Kisha pima pipeti, hata kama ni mpya. Weka kikombe kidogo kwenye mizani nyeti, irudishe kwenye sifuri, vuta mikrolita 100 za maji yaliyosafishwa, yamimine humo, soma. Kwenye joto la kawaida la chumba uzito wake uwe karibu miligramu 100, pungufu kidogo tu. Rudia mara kumi huku ukiandika. Namba zikiwa zinaruka huku na huku, angalia mkono wako na namna ncha ilivyokaa. Zikiwa zinafanana lakini zote ziko chini, pipeti yenyewe inahitaji kurekebishwa. Zoezi hili linachukua asubuhi moja, na litakuokoa na miezi ya kujiuliza kwa nini vipimo havirudii.

Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, nayo ina mtego wake. Watu hukariri nyuzi joto 121 kwa dakika 15, wakasahau kwamba hizo dakika zinahesabiwa tangu kilichomo ndani kifikie joto hilo. Chupa ya lita moja ya midia (chakula cha kukuzia seli au vijidudu) inachelewa sana kupata moto katikati kuliko chupa ndogo. Ule utepe unaobandikwa juu ya vitu na kubadilika rangi unakuambia tu kwamba joto lilifika kwenye utepe. Ukitaka uhakika, tumia spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria wanaostahimili sana joto: zipitishe humo, kisha zioteshe. Zikiota, mzunguko ule haukutosha.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri isijazwe vitu siku ilipowashwa. Iache ifike kwenye joto lake, uifuatilie kwa siku kadhaa, ndipo uingize sampuli kidogo kidogo. Inatoa joto jingi, hivyo iachie nafasi nyuma na pembeni. Sampuli isiyopatikana tena igawe, nusu ikae kwenye friza nyingine, ikiwezekana jengo jingine. Waeleze pia wanaofanya usafi, kwa heshima na mapema, ni plagi ipi isiyoguswa kabisa. Wao ndio huwa jengoni saa ambazo wewe haupo.

Kwenye seli nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hupoteza miaka. Mwaka 1966 mtaalamu wa jenetiki Stanley Gartler alionyesha kwamba seli nyingi ambazo watafiti waliamini zimetoka kwa watu na viungo mbalimbali zilikuwa na alama ileile ya kimeng'enya iliyomo kwenye HeLa, seli zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks mwaka 1951. HeLa zilikuwa zimeingia kwenye chupa za wenzao na kuwashinda kwa kukua. Tatizo hilo halijaisha hadi leo. Seli yoyote utakayopewa, hata na rafiki wa profesa wako, ikae peke yake kwanza. Ipime vinasaba ujue kama ndiyo yenyewe, na ipime mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli. Vijidudu hivyo havina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiviwezi, vinaweza kupita kwenye kichujio cha mikromita 0.22, na midia haichafuki machoni. Seli zinaendelea kukua huku zikikupa majibu ya uongo. Zikishapita vipimo, gandisha mirija mingi mapema kabla hujaanza kuzitumia.

Andika jina la sampuli, tarehe na herufi za mwanzo za jina lako ubavuni mwa mrija kwa kalamu ambayo wino wake hautoki kwa ethanoli. Jaribu kalamu hiyo kwanza: andika, pulizia ethanoli ya asilimia 70, sugua kwa glavu. Mrija usio na maandishi ndani ya friza ni takataka, hata kama ulibeba kazi ya mwaka mzima. Daftari la maabara liandikwe siku hiyohiyo, likiwa na namba za toleo za vitendanishi, kwa sababu shehena mpya ya kingamwili inaweza kufanya kazi tofauti na ile ya zamani.

Kuhusu profesa, mambo mawili. Mwambie wazi kwamba wiki za mwanzo ni za kuthibitisha vifaa, na umpe orodha ya utakachothibitisha, asije akadhani umekaa tu. Na suala la majina kwenye makala, nani anatangulia na kwa mchango gani, lizungumzwe kabla data haijapatikana, kisha mwandikiane.

Mwanafunzi wa kwanza akifika, mpe itifaki yako afanye mwenyewe huku wewe umekaa kimya pembeni. Usimwelekeze isipokuwa kuna hatari. Kila atakapokwama au kukuuliza, weka alama kwenye karatasi, na jioni hiyo urekebishe itifaki hapo hapo palipomkwamisha.