Namba ikifurika kimyakimya kwenye Cython na Numba

Ukihama kutoka Python ya kawaida kwenda Cython, zana inayogeuza msimbo wa Python kuwa wa C ili uende kasi, unaacha raha moja: namba kamili zisizo na kikomo. Python huongeza nafasi kadiri namba inavyokua. Ukishaandika `cdef int`, yaani ukitangaza kigeu cha namba kamili cha C, kwenye kompyuta zetu umekubali biti 32, na mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa mfumo unaotunza fedha kwa senti, hiyo ni shilingi milioni 21 na ushee. Duka la jumla halichelewi kufika hapo.

Wengi wanaoanza huogopa `OverflowError`, kosa linalosema namba imefurika, yaani imezidi nafasi iliyotengewa. Hiyo ishukuru. Cython huitoa namba ya Python inapoingizwa kwenye kigeu cha C kisichoitosha, yaani inakagua mlangoni. Balaa liko ndani, hesabu zikishakuwa za C tupu: hakuna anayekagua.

Jaribu faktoria, yaani zao la namba zote kuanzia 1 hadi uliyochagua. Ya 12 inaenea kwenye biti 32. Ya 13 ni 6,227,020,800, haienei, na mara nyingi utapewa 1,932,053,504. Angalia vizuri: ni namba chanya, inapendeza, na ni uongo. Kwa hiyo anayekwambia "ukiona hasi ujue imefurika" amekupa nusu tu ya habari. Kwenye Numba, zana nyingine ya kuharakisha Python, yenye biti 64, faktoria ya 20 iko salama, ya 21 inarudi -4249290049419214848, tena bila onyo lolote.

Mtego unaowanasa hata wazoefu ni huu:

`cdef long long jumla = bei * idadi`

Kama `bei` na `idadi` ni `int`, kuzidisha kunafanyika kwanza kwa biti 32, ndipo jibu, likiwa limeshaharibika, linawekwa kwenye nafasi pana. Andika `<long long>bei * idadi`. Na usitumie `long` ukidhani ni biti 64 kila mahali. Kwenye Windows ni 32.

Wakati wa kujenga na kupima, weka juu ya faili `# cython: overflowcheck=True`. Kasi itapungua kiasi, lakini kufurika kutageuka kosa linaloonekana. Kwa msimbo unaogusa fedha, mimi siizimi hata programu ikishaanza kutumika.

Numba haina swichi kama hiyo. Ila fankshoni uliyoipamba kwa `@njit` bado inabeba ile ya asili kwenye `.py_func`. Ziite zote mbili kwa namba kubwa kuliko utakazokutana nazo kazini, ulinganishe majibu. Hakikisha tu unazipa namba za kawaida za Python. Ukizipa safu za NumPy, maktaba ya hesabu ambayo namba zake nazo zina kikomo cha biti, zote mbili zinaweza kukosea pamoja.

Usikimbilie `float`, aina ya namba za desimali, kama njia ya mkato. Kuanzia 9,007,199,254,740,992 kwenda juu, haiwezi tena kushika kila namba kamili, na senti zinaanza kupotea. Hesabu ikizidi biti 64, kiache kigeu hicho bila aina, Python ikibebe yenyewe, na kasi uitafute kwenye lupu nyingine.