Shangazi, mreteni wangu unakauka katikati!

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina mreteni ule wa kutambaa, wengine tunauita junipa, niliupanda mwaka jana ufunike udongo pembeni ya njia ya kuingilia nyumbani. Mwanzo ulikuwa poa kabisa ila sasa katikati umegeuka kahawia, nikigusa tu majani yanadondoka. Maji namwagilia kila siku asubuhi na jioni, sijawahi kuruka hata siku moja. Nataka niufyeke wote mpaka chini uchipue upya, au nakosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naomba kwanza uweke mkasi pembeni, tafadhali sana. Mreteni sio kama maua mengine unayakata mpaka kwenye kisiki halafu yanarudi, matawi yake ya zamani ambayo hayana kijani hayachipui tena, ukifyeka mpaka hapo patabaki kipara tu. Kilichokauka kabisa toa, ila palipo hai kata ukiacha kijani, na fuata tawi mpaka linapoungana na lingine ukate hapo hapo, ili mkato ufichwe na majani ya juu.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndo napata wasiwasi. Asubuhi na jioni ni mengi mno kwa huu mmea. Mizizi inataka hewa, udongo ukilowa muda wote inaoza, na mzizi uliooza haunyonyi kitu kwa hiyo juu majani yanakauka kama vile mmea una kiu, na wewe ukiona hivyo unaongeza maji! Fukua kidogo kwa mkono uangalie, mzizi mzima ni mgumu na ndani mweupe, uliooza ni mweusi, umelegea, ukiuvuta ganda linavuka linabaki kwenye vidole. Kuanzia leo chomeka kidole sentimita 5 hivi, kukiwa na unyevu acha. Pakikauka mwagilia kwa kushibisha, maji yazame, halafu subiri tena. Na kama maji yanatuama hapo basi hata upunguze vipi hautapona, inabidi uuhamishe au uinue tuta.

Kama mizizi ni mizima, angalia utitiri. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi ulitikise kwa nguvu, ukiona vidoti vidogo vinatembea ndo wenyewe hao, wanapenda joto na ukavu. Piga maji ya mpira kwa presha mpaka chini ya majani, rudia baada ya siku chache. Ila ukahawia ukianzia kwenye ncha changa ni ukungu, hizo ncha zikate siku ya ukavu na ufute mkasi kwa spiriti kila ukimaliza tawi.

SWALI: Shangazi mimi nina mteremko udongo unaporomoka kila mvua, nataka nipande mreteni, nipande karibu karibu au? Na jua hapo ni la kutwa nzima.

JIBU: Jua la kutwa ndo lenyewe, unataka angalau masaa 6, kivulini unakuwa mwembamba na unajaa mapengo. Kubananisha hapana! Najua miche ikiwa midogo sehemu inaonekana tupu unatamani kujaza, lakini mmoja unaweza kutanuka mita 2 na zaidi, kwa hiyo acha mita 1.2 mpaka 1.8 kati ya mche na mche. Ukitaka unaolala chini kabisa kama zulia tafuta aina ya Wiltonii, haupandi sana, sentimita 10 mpaka 15 tu.

Kabla hujapanda ng'oa magugu yote na mizizi yake, hasa nyasi za kutambaa, hapa usifanye haraka. Nyasi zikishachomoza katikati ya matawi kuzitoa ni mateso, unaingiza mkono unachomwa na majani, unavuta jani linakatika mzizi unabaki chini. Mapengo kati ya miche yafunike na maganda ya miti unene wa sentimita 5 mpaka 8, yasiguse shina. Na kila mche utengenezee kisahani cha udongo upande wa chini wa mteremko, la sivyo maji yote yatakimbia na mwaka wa kwanza ndo mizizi inayahitaji zaidi.