Hisa, pensheni na ukame: maswali yenu kuhusu kampuni za umeme

Nilinunua hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, zilipouzwa kwa umma mwaka 2006, shilingi 11.90 kila moja. Siku hizi nasikia habari za hatari za tabianchi. Mwenye hisa chache kama mimi zinanihusu vipi? (Msomaji, Nakuru)

Zinakuhusu kupitia Mto Tana. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yote ni mabwawa ya mto huo mmoja. Mvua ikikosa Aberdare na Mlima Kenya, yote yanapungukiwa pamoja. Mwaka 2009 Masinga ilifungwa kwa kukosa maji, nchi ikaingia kwenye mgao wa stima, na pengo likazibwa kwa jenereta za dizeli. Gharama ya dizeli hupelekwa kwa mteja kupitia bili. Kwa hiyo hata kampuni ikiponea kwenye vitabu vyake, wewe mwenye hisa unaumia ukiwa mteja.

Mvuke unaotoka chini ya ardhi Olkaria hausubiri mvua, na kwa maoni yangu ndiyo kinga bora zaidi ambayo kampuni hiyo imejijengea. Hata hivyo, nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka ukaulize: mapato kiasi gani bado yanatokana na maji? Mikataba ya kuuza umeme inasemaje bwawa likishuka? Omba majibu yaandikwe kwenye ripoti ya mwaka kwa kufuata IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha taarifa za tabianchi kilichotolewa Juni 2023. Serikali ina asilimia 70 ya hisa, kwa hiyo kwa kura hutashinda. Lakini swali lililoulizwa mbele ya wakaguzi na waandishi wa habari ni vigumu kulipuuza.

Mimi ni kijana wa Lamu. Mtambo wa makaa ya mawe ungetupatia kazi. Kwa nini waliotaka kutoa pesa walikimbia? (Msomaji, Mokowe)

Ndugu yangu, kiu ya kazi Lamu ni ya kweli, na waliopinga mradi ule wana deni la kuizungumzia. Lakini tazama hesabu yake. Mtambo ulipangwa kuwa wa megawati 1,050, wakati ambapo mahitaji ya juu kabisa ya Kenya nzima yalikuwa bado hayajafika megawati 2,000. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, na ulidai mtambo ulipwe kwa kuwepo tu, hata siku ambazo umeme wake haukuhitajika. Mvuke, upepo na jua vikizidi kuwa nafuu, mtambo ungekaa bila kazi huku bili ikiendelea kuja. Na mlipaji ni nani? Ni mama mwenye friji ya kuuzia barafu hapo Mokowe.

Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi. Ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Miezi michache baadaye Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliyokuwa ikifikiria kutoa dhamana, ilijiondoa. Novemba 2020 benki ya China ya ICBC, iliyotarajiwa kukopesha, nayo ikajitoa. Benki haisubiri hukumu ya mwisho. Ikiona kesi, wananchi wasiotaka na mnunuzi wa umeme anayeweza kushindwa kulipa, inafunga mkoba. Wavuvi na wazee wa Lamu walikwenda mahakamani kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na hapo ndipo nguvu yao ilipokuwa. Ujenzi ukishaanza, mkopeshaji huwa amefungwa pamoja na mkopaji.

Je, kampuni kubwa ya umeme inaweza kweli kufilisika kwa sababu ya hali ya hewa? (Msomaji, Doha)

Imeshatokea. Novemba 2018 nyaya za kampuni ya PG&E ziliwasha moto California, msimu ambao nyasi na misitu ilikuwa imekauka kabisa. Mji wa Paradise uliteketea na watu 85 wakafa. Januari 2019 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Ukame peke yake haukuua watu wale: kulikuwa na vifaa vichakavu juu ya nguzo. Mwekezaji aulize yote mawili.

Tanzania TANESCO ni ya serikali na haiuzi hisa. Sisi tumuulize nani? (Msomaji, Morogoro)

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inapokusanya maoni kuhusu bei, na mbunge wako, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapojadiliwa. Swali kubwa ni Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 juu ya Rufiji: miaka ya ukame umeme utatoka wapi?

Pensheni yangu imewekezwa kwenye kampuni hizi. Si bora tudai ziuzwe? (Mwalimu, Machakos)

Mwalimu, ukiuza, mwingine atanunua, na jenereta itaendelea kunguruma. Mimi ningeanza kwa kuuliza. Mpango wenu una wadhamini, na baadhi yao wanawawakilisha ninyi wanachama. Waombe sera ya uwekezaji iliyoandikwa, muone kama inataja ukame na mafuta. Kama haitaji, pelekeni hoja kwa barua iliyotiwa saini na wanachama kadhaa, mapema kabla ya mkutano wa mwaka, ili iingie kwenye ajenda. Mkizungushwa kila mwaka, hapo kuuza kutakuwa na maana, na wadhamini watajua sababu yake.