Mama ananiita mwizi wa kanga zake

*Shikamoo Shangazi. Naishi na mama yangu hapa Ngamiani, Tanga. Ana miaka 74. Huu mwaka wa pili anasahau sana: akitoka kwenye mswala anauliza kama ameshaswali. Alitulea kwa kuuza vitumbua, lakini juzi alisimama mbele ya kikaango hajui kinachofuata. Ananiita mwizi, eti nimemwibia kanga zake. Kila siku anamuulizia baba, na baba alifariki zamani. Nikimwambia, analia kama msiba wa leo. Ikifika magharibi anataka arudi kwao Pangani. Kaka anasema ni mkono wa mtu, tumpeleke kwa mganga. Wiki iliyopita nilimfokea, halafu nikajifungia chumbani nikalia. Nifanyeje?*
*Binti wa Ngamiani*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na hilo la kanga, maana naona ndilo lililokuchoma zaidi. Mama hakuchukii. Kuna uwezekano mkubwa kanga kazificha mwenyewe kwa sababu anazithamini, kisha akasahau kabisa kwamba kazificha. Anachokiona yeye ni sanduku tupu na mtu mmoja tu anayeingia chumbani mwake. Kwa hiyo tuhuma humwangukia anayemwogesha na kumlisha, siyo anayekuja siku ya Idi. Usijitetee, wala usimwapie. Mwambie, "Haya mama, tuzitafute," kisha mfunue godoro, mpapase foronya, mchungulie hata kwenye debe la unga. Mahali anapoficha leo ndipo atakapoficha kesho.

Dalili unazozieleza zinafanana sana na dimenshia, yaani hali inayoletwa na maradhi yanayoharibu ubongo kidogo kidogo. Yanayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao huchukua kama 60 hadi 70 kati ya kila wagonjwa 100. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapo presha na sukari zisizotibiwa zina mkono mkubwa. Alzheimer kwa kawaida huanzia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo sababu mama anaijua Pangani ya utotoni nyumba kwa nyumba, lakini swala ya dakika tano zilizopita imemtoka. Vitumbua navyo vina hatua nyingi zinazofuatana, na ule mfuatano ndio uliompotea. Usimnyang'anye mwiko. Mpe hatua moja: yeye akoroge, wewe umimine na ukae na moto.

Kuhusu mkono wa mtu, mwambie kaka yako hapana, na umwambie bila kuona haya. Wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban 6 kati ya kila 100 wana hali hii. Ni ugonjwa, na uko mwingi kuliko tunavyokubali. Maneno ya uchawi yananitia hofu kwa sababu katika nchi hii yamewaua bibi zetu wengi wasio na kosa.

Mpeleke Hospitali ya Bombo hapo Tanga, au anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Apimwe presha, sukari, damu, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, na maambukizi kama kaswende na VVU. Mweleze daktari pia kama mama amekosa raha kwa muda mrefu, maana sonona nayo husahaulisha. Baadhi ya mambo haya yakitibiwa, akili huwa nyepesi tena. Beba vidonge vyote anavyomeza, hata vya usingizi na vya mzio, kwani vingine huwachanganya wazee. Na siku yoyote akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje kliniki: wahi hospitali, huenda ni kiharusi au maambukizi, hata ya njia ya mkojo. Kama ni Alzheimer, dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Zipo zinazowapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda.

Suala la baba yako ni zito. Kila ukimwambia amekufa, mama anafiwa upya, kisha anasahau habari na huzuni inabaki. Huna haja ya kumdanganya. Muulize, "Umemkumbuka baba? Alikuwa akirudi kazini anapenda kula nini?" Akikukazia, mjibu kwa upole mara moja, umshike mkono, kisha mwendelee na mengine. Kurudi Pangani ni hivyo hivyo. Jua linapozama wagonjwa wengi huingiwa na wasiwasi, kwa hiyo washa taa mapema, mpe chai, mwache akusimulie mto na minazi ya kwao. Usibishane naye mlangoni. Waambie majirani na vijana wa bodaboda wa kijiweni kwamba mama anapotea njia, na mshonee namba yako ya simu kwenye nguo.

Ile siku uliyomfokea, ulikuwa umechoka. Mwombe radhi hata kama hakumbuki, kisha mwite kaka yako mkae kitako. Akae na mama siku nzima kila wiki, peke yake, wewe ukapumzike. Akisema hana nafasi, basi alipe mtu wa kukusaidia. Na asitokee ndugu yeyote wa kumwekesha mama dole gumba kwenye karatasi ya shamba wala nyumba katika hali hii.