Imeili tisa kwenda chuo kimoja

Juzi nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana mmoja wa Sakina, Arusha, yuko Kidato cha Sita, anasoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Nanukuu: "Shikamoo dada. Niliomba vyuo 7 vya Marekani, nikabonyeza kutuma tarehe 1 Januari. Sasa mock nimeongoza shule, halafu klabu yetu imepanda miti 200. Niwatumie hizi habari? Na wiki ijayo nikipata kingine, nitume tena?" Chini yake akabandika picha 11 za miti.

Marahaba mdogo wangu. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, maana mimi pia nilipiga picha na miti.

Mwaka wangu niliomba mapema, ile duru ya Novemba, kwenye chuo kimoja cha kaskazini mashariki ya Marekani. Sikitaji jina. Hadi leo nikiona nembo yake kwenye fulana ya mtumba pale soko la Memorial nageuza uso, na pale Memorial zipo nyingi kuliko unavyofikiri. Katikati ya Desemba jibu likatoka jioni ya kwao, kwetu Moshi ikiwa saa tisa usiku. Nilikuwa nimejifunika shuka kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe mama. Hawakunikubali, hawakunikataa. Waliniahirisha, yaani faili langu likasogezwa likasomwe upya pamoja na wale walioomba Januari.

Asubuhi baba mdogo akauliza, "Umefaulu au umefeli?" Nikamwambia hakuna hata kimoja. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbolea feki.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Niliamini wameniahirisha kwa sababu hawanijui vizuri, basi nikaazimia wanijue. Kati ya Januari na Machi niliwatumia imeili 9. Ya kwanza ilikuwa nzuri, nakiri: matokeo ya muhula. Ya pili, cheti cha mdahalo. Ya tatu, picha na miti. Ya nne ilikuwa barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha kwamba mimi ni binti mwenye nidhamu, ina mhuri wa zambarau, nimeiskani kwa mangi wa stationari karibu na stendi ambaye alinipunguzia bei kwa sababu alishanizoea. Ya tano na ya sita sitaki hata kuzikumbuka. Ya saba niliwaeleza ninavyokipenda chuo chao, ukurasa mzima. Ya nane niliuliza kama ya saba imefika. Ya tisa niliomba radhi kwa ajili ya ya nane.

Wakajibu mara moja tu, mistari miwili. Faili lako limekamilika. Tafadhali usitume nyongeza zaidi. Ile "tafadhali" ndiyo iliyoniuma.

Mwisho wa Machi wakanikataa. Nilikuwa sokoni Mbuyuni namsaidia mama kupanga mikungu ya ndizi, mvua ya masika imeshaanza, simu iko kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nikasoma hapo hapo, nikairudisha mfukoni, nikaendelea kupanga. Mama hakuuliza. Alinipa chai.

Sasa kabla hujasema "pole dada", sikiliza upande wa pili, kwa sababu kuna chuo kingine niliwaandikia mara moja tu, na ndicho nilichosoma miaka minne nikamaliza kwa heshima. Tofauti ya barua hiyo na zile tisa ndiyo ninayotaka uione.

Kwenye maombi ya awali nilikuwa nimeonyesha D ya Kemia ya Kidato cha Tano, na nikaeleza nahangaika nayo. Desemba nikapata B. Hiyo ni habari, kwa sababu inabadilisha kitu walichokuwa wameshakisoma. Miti haikubadilisha chochote. Hawakuwa na swali kuhusu miti.

Lakini B yako wewe mwenyewe kuisema ni jambo moja, shule kuisema ni jambo jingine. Wenzetu wana ripoti ya katikati ya mwaka, ambayo anaituma mtu wa shule na si mwanafunzi, kupitia kiungo anachotumiwa na Common App, ile tovuti ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja. Kwetu mtu huyo alikuwa mwalimu wa taaluma. Mwalimu mzuri sana, anajua alama za kila mtoto kichwani, ila kiungo kilikuwa kimeangukia kwenye barua taka na nywila ya imeili yake ilikuwa nyuma ya shajara ya miaka miwili nyuma. Tuliketi stafu rumu tangu saa nane mchana. Akaandika nywila kwa kidole kimoja, akakosea, akafuta, akaniambia, "Usinitazame mikono, unanichanganya." Umeme ukakatika mara moja. Saa kumi na moja kasoro ripoti ikaondoka, akapiga makofi peke yake. Nikifikiria nani alinipeleka Marekani, namwona yeye na kile kidole.

Kisha nikaandika barua yangu, nusu ukurasa, nikaipakia kwenye akaunti ya mwombaji. Kemia imepanda kutoka D hadi B, ripoti ya shule imetumwa. Chuo chenu ndicho chaguo langu la kwanza, mkinipa nafasi na msaada wa kutosha nitakuja. Basi. Sentensi hiyo ya mwisho usiiandikie vyuo vyote 7. Uongo ni uongo hata ukiwa kwa Kiingereza safi.

Jambo jingine halikuhusu ofisi ya udahili kabisa. Mwezi huo huo kibanda cha mama kilibomolewa na mapato ya nyumbani yakashuka karibu nusu. Hiyo niliwaandikia ofisi ya misaada ya fedha, barua ya peke yake, na nikawauliza wanataka uthibitisho gani. Watu wengi wanachanganya ofisi hizi mbili, halafu wanashangaa msaada umekuja mdogo.

Tumezoea dirisha la maombi. La TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, likifungwa limefungwa, na Bodi ya Mikopo wakitaka urekebishe wanakufungulia muda wa kurekebisha. Kwa Wamarekani ukishatuma kwenye Common App huwezi kurudi kugusa nakala ya chuo kile, lakini kila chuo kina njia yake ya kupokea nyongeza. Chuo cha MIT wana fomu yao maalumu ya Februari. Wengine wanataka upakie kwenye akaunti, na wengine wameandika wazi kwenye tovuti kwamba hawapokei. Ukisoma hapo ukaona hawapokei, usipokee ushauri wa mtu yeyote, hata wangu.

Na usiwaambie wasubiri matokeo ya Kidato cha Sita. Mtihani ni Mei, matokeo ni Julai, wao duru ya kawaida wanajibu mwisho wa Machi. Ulicho nacho ni muhula na mock, vyenye mhuri wa shule, kabla Februari haijaisha.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: habari mbaya nazo unatakiwa kuzituma. Ulipotia saini maombi uliahidi kuwajulisha kikibadilika chochote, hata nidhamu. Umeacha somo, umesimamishwa shule, sema. Vijana wetu wanakimbilia kutangaza vyeti na kuficha mengine, wakidhani Marekani ni mbali na habari hazivuki bahari. Nafasi uliyopewa inaweza kufutwa hata baada ya kukubaliwa. Tuache ujanja ujanja. Mtoto wa Kilimanjaro hana haja ya kubembeleza, aseme alichofanya, anyamaze.

Nimeona nimeanza kuhubiri. Mama anasema tangu nirudi nimekuwa mchungaji.

Siwezi kuapa kwamba ile nusu ukurasa ndiyo iliyonibeba. Lakini barua ya kukubaliwa ilipofika, chini ya saini mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya bluu: hongera kwa Kemia. Iko kwenye fremu, nyumbani Rau, juu ya televisheni, na mgeni akija mama anaisoma yeye ingawa Kiingereza hajui, anaonyesha tu ile bluu.

Kwa hiyo kijana wa Sakina nilimjibu hivi: mock tuma, mara moja, kupitia shule, kwa vile vyuo vinavyopokea. Picha za miti baki nazo.

Amenijibu jana usiku. "Asante sana dada, nimekuelewa vizuri. Ila picha moja tu ya mti, si haina shida?"