Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Kati ya Daktari na Mvutaji Sigara

SWALI: Mimi ni afisa wa kliniki katika zahanati moja mjini Kisumu. Tangu tuwekewe programu ya kompyuta inayotuelekeza namna ya kumshauri mgonjwa aache sigara, wagonjwa hunijibu kwa mkato, nami macho yangu hayatoki kwenye skrini. Je, chombo hiki kinanisaidia au kinanitenga na mgonjwa?

JIBU: Ndugu msomaji, kinakusaidia, mradi ukiachie kazi ya kukumbuka na kukokotoa, nawe ushike kazi ya kuzungumza. Palipo na foleni ndefu, swali la sigara husahaulika upesi, hasa mgonjwa akija kwa ajili ya malaria au jeraha la bodaboda. Hapo ndipo ukumbusho wa kompyuta unapofaa, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unataka kila mtumiaji wa tumbaku apewe ushauri mfupi, wa sekunde 30 hadi dakika 3.

Nahisi kinachowanyamazisha wagonjwa wako ni namna wanavyoulizwa. Ukimsomea mtu wa Kondele, mtaa wa huko Kisumu, swali la pakiti ngapi kwa siku, naye hununua moja moja kibandani (jambo ambalo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inalikataza), atakujibu nini? Muulize huvuta ngapi tangu alfajiri hadi alale, kisha kompyuta ifanye hesabu: sigara 8 kwa siku ni sehemu 4 kati ya 10 za pakiti ya sigara 20. Halafu achana na kibodi, umtazame usoni, umuulize hukaa muda gani baada ya kuamka kabla ya kuwasha ya kwanza. Anayewasha ndani ya dakika 5 amekamatwa sana na nikotini, na yamkini atahitaji dawa juu ya maneno yako.

Baada ya hapo mgeuzie skrini, aone mwenyewe ulichoandika, mchague pamoja siku ya kuacha. Kama programu hutuma ujumbe mfupi, uelekeze zaidi kwenye siku 3 za kwanza, kwani ndipo hamu humkaba mtu kwelikweli. Lakini kabla ya kuingiza namba yake, omba idhini yake, na uulize kwa upole kama simu hiyo ni yake peke yake au ni ya nyumba nzima.