Nepi ngapi za kitambaa zinatosha?

SWALI: Natarajia kujifungua mwezi ujao na pampasi za kila siku hatuzimudu. Nianze na nepi ngapi za kitambaa? – Mama mtarajiwa, Tanga

JIBU: Hongera, dada. Ukifua kila siku, nepi 20 na chupi 4 za plastiki zinatosha. Usikimbilie dukani: shuka kuukuu la pamba, likikatwa mraba wa sentimita 70 na kupindwa kingo, hunyonya vizuri sana. Pamba mpya ifue mara tatu au nne kwanza, kwani mafuta yake ya asili huzuia mkojo kupenya. Suuza mpaka povu liishe; sabuni iliyobaki humwasha mtoto. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kabisa, huacha utando na nepi huvuja. Zianike juani.